Askari na Msafiri katika Barabara za Meksiko

(Mazungumzo ya mwanachama wa idara ya signali katika mkutano wa Jumamosi wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama.)



Katibu aliniambia nichague nchi moja ya mbali, nieleze watu wake wanavyosafiri, maana sisi kazi yetu ni kusafirisha watu. Nimechagua Meksiko, na katika habari za Meksiko nimechagua jambo moja tu: yale yanayompata msafiri anapokutana na askari wa jeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Mimi sikufika huko. Niliyo nayo yametoka katika hukumu za mahakama, taarifa za tume, na maneno ya wasafiri wenyewe.

Neno langu kubwa nalisema mapema, ili mtu akisinzia asilikose. Askari mwema si ulinzi wa kutosha kwa msafiri. Adabu ya msafiri nayo si ulinzi wa kutosha. Kinachomlinda msafiri ni kizuizi chenye mwenyewe, yaani kizuizi ambacho mtu akidhurika hapo, yuko anayejulikana kwa jina, atakayejibu mbele ya hakimu wa raia. Hilo ndilo nitakalojaribu kuwaonyesha.

KIZUIZI KILIVYO

Meksiko ni nchi kubwa, zaidi ya mara tatu ya Kenya. Zamani watu wake walisafiri sana kwa treni. Lakini katika miaka ya 1990 serikali ilizitoa reli kwa makampuni, nayo makampuni yakapenda mizigo kuliko watu, na kufikia mwisho wa miaka hiyo treni za abiria karibu zote zilikuwa zimekoma. Basi mtu wa kawaida hana budi kupanda basi, na basi hupita barabarani, na barabarani ndipo palipo na askari.

Chukueni mfano wa barabara ya Baja California, ile rasi ndefu ya magharibi. Barabara hiyo ilimalizika mwaka 1973, nayo ina urefu wa kilometa zaidi ya 1,700. Ni karibu sawa na kutoka Mombasa mpaka Kisumu na kurudi. Katika njia hiyo msafiri husimamishwa na askari si mara moja. Kadhalika katika jimbo la Sonora, kwenye barabara kuu inayokwenda mpaka wa Marekani, kuna mahali paitwapo Querobabi. Kizuizi cha hapo kinajulikana na kila dereva wa lori, maana foleni yake huweza kumla mtu saa nzima na zaidi.

Kizuizi huwa hivi. Kwanza matuta ya kupunguza mwendo, na koni au magurudumu ya zamani yamepangwa katikati ya njia. Kando kuna mifuko ya mchanga, na nyuma ya mifuko hiyo askari mwenye bunduki. Mbele yako husimama kijana wa miaka 20 hivi, amevaa kijani, jasho linamtoka. Atauliza: Watoka wapi? Wakwenda wapi? Umebeba nini? Kisha pengine atakuambia upite. Pengine atakuambia ushuke, ufungue sanduku, naye atagonga milango ya gari kwa vidole asikilize kama ndani mna kitu. Abiria wa basi huteremshwa wote, mizigo ikafunguliwa. Wameksiko wenyewe hukiita kizuizi hicho retén.

Askari hao hutafuta vitu viwili hasa. Magari yanayokwenda kaskazini hutafutwa dawa za kulevya, maana wanunuzi wako Marekani. Yanayokuja kusini hutafutwa bunduki na risasi, maana wauzaji wako Marekani. Meksiko ina sheria kali ya silaha tangu mwaka 1972. Wako wasafiri kutoka Marekani waliosahau risasi chache ndani ya gari wakajikuta gerezani.

HABARI MBILI ZA KIZUIZI KIMOJA

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Ukisoma maneno ya wageni wa kutalii, hasa Wamarekani na Wakanada wanaozunguka na nyumba zao za magurudumu, wengi wasema askari walikuwa na adabu. Wasema ni vijana wenye haya, wengine wapenda kujaribu maneno machache ya Kiingereza. Wageni hao hushauriana: punguza mwendo mapema, teremsha vioo vyote, vua miwani ya jua, usiku washa taa ya ndani ya gari, jibu kwa upole, na simama karibu na mzigo wako unapopekuliwa. Ushauri huo ni mzuri. Sina neno juu yake.

Lakini ukisoma maneno ya wakulima wa milima ya Guerrero, au ya Wahindi wa asili wa Chiapas, habari ni nyingine. Hao walikuwa na adabu vile vile. Walisimama, walishuka, walijibu. Wengine hawakurudi nyumbani.

Wazee wetu walisema mgeni ni kuku mweupe. Huko Meksiko mambo yamegeuka. Mgeni mwenye fedha hupita, na mwenye nchi ndiye anayeonekana kuku mweupe katika nchi yake mwenyewe. Kizuizi ni kile kile na bunduki ni ile ile. Tofauti ni kwamba mgeni akipotea, balozi wake atauliza kesho asubuhi. Mkulima akipotea, nani atauliza?

MTU ALIYETEREMSHWA BASINI

Nitawaeleza habari ya mtu mmoja, maana habari hii imeandikwa katika hukumu ya mahakama na haina shaka. Jina lake Rosendo Radilla Pacheco. Alikuwa mkulima wa kahawa katika mji wa Atoyac, jimbo la Guerrero, na wakati mmoja alikuwa mkuu wa mji huo. Tena alikuwa mtunzi wa nyimbo ziitwazo corrido. Hizo ni nyimbo za kusimulia habari: nani kafanya nini, nani kaonewa, nani kafa. Sisi tunazijua nyimbo za namna hiyo hapa kwetu.

Wakati ule mwalimu mmoja wa shule, Lucio Cabañas, alikuwa amekimbilia milimani na watu wenye silaha kupigana na serikali. Jeshi likajaza vizuizi katika njia zote za Atoyac. Tarehe 25 Agosti 1974, Radilla alipanda basi kwenda Chilpancingo pamoja na mwanawe wa miaka 11. Kizuizini askari waliwateremsha abiria, wakawapekua. Kisha wakawaambia warudi ndani ya basi, wote isipokuwa Radilla. Kosa lake walilolitaja ni kutunga corrido. Yeye aliomba jambo moja: mtoto aachwe aende. Mtoto aliachwa. Baba alipelekwa kambini, watu wakamwona huko, na baada ya hapo hakuonekana tena.

Basi likaondoka. Ndugu zangu, fikirini juu ya basi hilo. Limejaa watu, na kiti kimoja ni kitupu. Hakuna karatasi iliyoandikwa kizuizini. Hakuna hati ya hakimu. Hakuna kitabu kinachosema nani alikuwa zamu.

Binti yake, Tita Radilla, hakukubali. Alipeleka shauri kwa wakuu wa nchi yake, likasukumwa huku na huku, na mwisho likapewa mahakama ya kijeshi, yaani jeshi lijihukumu lenyewe. Ndipo jamaa na wenzao wakalipeleka katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Tarehe 23 Novemba 2009 mahakama hiyo iliihukumu serikali ya Meksiko kuwa ndiyo iliyompoteza Radilla. Ilikuwa miaka 35 baada ya safari ile. Mahakama iliamuru atafutwe, na ikasema askari akimdhuru raia lazima ahukumiwe na mahakama ya raia. Walichimba katika kambi ya zamani ya Atoyac, lakini hawakumpata.

Hukumu hiyo haikukaa bure. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Meksiko iliwaambia mahakimu wote waifuate, na mwaka 2014 sheria ya jeshi yenyewe ikabadilishwa. Mtu mmoja aliyeteremshwa basini, na binti mmoja aliyekataa kunyamaza, waliigeuza sheria ya nchi nzima.

RISASI BARABARANI

Huenda mtu akasema, hayo ni mambo ya 1974, wakati wa vita vya milimani. Basi tuje karibu.

Mwezi wa Desemba 2006 Rais Felipe Calderón aliwatoa askari kwa maelfu kupigana na wauza dawa za kulevya, kwanza katika jimbo la Michoacán, kisha kwingine. Vizuizi vikazidi. Tarehe 1 Juni 2007, katika jimbo la Sinaloa, askari wa kizuizi walilipiga risasi gari la jamaa moja usiku. Walikufa wanawake 2 na watoto 3. Askari 19 walikamatwa, na maofisa walikuwa miongoni mwao.

Mwezi wa Aprili 2010, katika jimbo la Tamaulipas, gari la jamaa nyingine lilipigwa, wakafa watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mmoja wa miaka 5. Jeshi lilisema walikuwa katikati ya mapigano na wahalifu. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilichunguza, ikasema risasi zilitoka kwa askari, na mahali pa tukio palikuwa pamevurugwa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, kwenye barabara ya Monterrey kwenda Laredo, baba na mwanawe wa miaka 15 walikufa kwa risasi za askari. Safari hiyo jeshi lilikubali kwamba ni lao kosa.

Tena tarehe 1 Oktoba 2024, karibu na Huixtla katika jimbo la Chiapas, askari walilipiga risasi lori lililobeba wageni 33 wanaotafuta njia ya kwenda kaskazini. Wageni 6 walikufa. Jeshi lilisema gari lilikimbia, na askari wawili walipiga baada ya kusikia milio. Katika njia hiyo ya Chiapas hupita watu wa nchi nyingi, na Waafrika wamo. Mwaka 2019 watu wengi kutoka Kongo na Cameroon walikwama katika mji wa Tapachula, hawawezi kwenda mbele wala kurudi. Kwa hiyo tusidhani ya Meksiko hayawahusu watu wasemao Kiswahili.

KWA NINI WATU WAHITAJI ASKARI

Ndugu Mwenyekiti, si haki kusema upande mmoja tu. Wako Wameksiko wengi wanaofurahi kuona askari barabarani, nao wana sababu.

Katika jimbo lile la Tamaulipas, kuna barabara ya kupita San Fernando. Mwaka 2010 wahalifu waliwaua hapo wageni 72. Mwaka 2011 wahalifu walisimamisha mabasi katika njia hiyo, wakateremsha abiria, na makaburi yalipofukuliwa ilitoka miili 193. Watu hao walikuwa abiria kama wale tunaowachukua sisi. Walikata tiketi, wakaaga nyumbani.

Basi angalieni shida ya dereva wa Meksiko usiku. Mbele yake wametokea watu wenye bunduki na nguo za kijani. Je, ni askari wa serikali, au ni wahalifu waliovaa nguo za askari? Maana vizuizi vya uongo viko. Akisimama kwa wahalifu, amekufa. Asiposimama kwa askari, askari watadhani yeye ndiye mhalifu, na amekufa. Adabu itamsaidia nini hapo? Hajui amwonyeshe nani adabu.

Na askari naye angalieni shida yake. Mara nyingi ni mtoto wa mkulima maskini kutoka majimbo ya kusini, ameingia jeshini kwa sababu shambani hakuna kitu. Amesimama saa nyingi, hana chama cha kumsemea kama sisi, na gari laja kwa kasi gizani. Amefunzwa vita, na sasa ameambiwa afanye kazi ya polisi. Wawili hawa, dereva na askari, wote watoto wa watu wa kazi, wanaogopana. Aliyewaweka hapo amelala nyumbani.

Sisi wa reli tunaelewa maneno haya upesi kuliko wengine. Treni haisimamishwi ovyo. Signali ina mahali pake na namba yake, dereva huiona kwa mbali, na taa yake usiku haifanani na taa nyingine. Aliye zamu yuko katika kitabu. Gadi huandika saa na dakika. Ajali ikitokea, wachunguzi hawaanzi kwa kuuliza nani ni mtu mwema, huanza na kitabu. Hivyo ndivyo ninavyosema kizuizi chenye mwenyewe: chenye alama inayoonekana mbali, taa, jina la kikosi, ofisa anayejulikana na kitabu. Kizuizi cha namna hiyo humwokoa dereva, na humwokoa askari pia.

CHOMBO KISICHOPIMWA

Nitatoa mfano mwingine, maana unatufaa sisi tunaotumia vyombo. Kwa miaka kadhaa jeshi la Meksiko lilitumia vizuizini chombo kiitwacho GT200, kilichouzwa na Mwingereza. Kilikuwa kishikio cha plastiki chenye antena. Askari hutembea nacho kando ya gari, na antena ikielekea kwako, basi wewe una dawa au una risasi. Watu walipekuliwa na wengine walifungwa kwa ajili ya antena hiyo.

Mwezi wa Oktoba 2011 mtaalamu wa fizikia wa Meksiko, Luis Mochán, pamoja na mwenzake, walikipima. Waliweka vidonge na risasi ndani ya sanduku moja kati ya masanduku 8, na mwenye chombo akatafuta. Alijaribu mara 20, akapata mara 3. Ndugu zangu, mtu aliyefumba macho na kuonyesha kidole tu, naye angepata mara 2 au 3. Ndani ya chombo hapakuwa na kitu. Mwaka 2013 mwenye kukiuza, Gary Bolton, alihukumiwa huko London kifungo cha miaka 7 kwa udanganyifu.

Mnaona? Askari wengi waliokishika chombo hicho waliamini kweli. Hawakuwa waongo. Lakini msafiri aliyeonyeshwa na antena angesema nini? Angejitetea vipi mbele ya kipande cha plastiki? Ilihitajiwa mahakama na mtu wa elimu wa kukipima, ndipo ukweli ukajulikana. Moyo mwema wa askari haukuweza kumsaidia.

WALIOAMBIWA SI WANANCHI

Mfano wa mwisho ni wa watu wa kazi hasa. Mwaka 2015 ndugu wa jamaa moja ya Watzeltal, Wahindi wa asili wa Chiapas, walipanda basi kwenda jimbo la Sonora kufanya kazi ya mashamba. Ni safari ya siku kadhaa. Katika jimbo la Querétaro maofisa wa uhamiaji walilisimamisha basi. Hawa hawakuwa jeshi, lakini kizuizi ni kizuizi. Waliwatazama sura, wakasikia Kispanyola chao hakitoki vizuri, wakasema: ninyi si Wameksiko, ninyi ni watu wa Guatemala. Wakawateremsha na kuwafunga. Walikuwa na karatasi zao, karatasi zikaitwa za uongo.

Katiba ya Meksiko ya mwaka 1917 yasema wazi, katika kifungu cha 11, kwamba mtu aweza kutembea katika nchi bila kuhitaji pasi wala barua ya ruhusa. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni wataelewa uzito wa maneno hayo. Kifungu cha 16 chasema mtu asisumbuliwe nafsi yake wala hati zake bila amri iliyoandikwa yenye kueleza sababu. Maneno mazuri sana. Lakini yalikuwa wapi siku ile basini?

Vijana hao walipata mawakili wakafungua shauri liitwalo amparo, yaani kumwomba hakimu amkinge mtu na nguvu za serikali. Tarehe 18 Mei 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya sheria vilivyoruhusu upekuzi wa namna hiyo barabarani vinavunja Katiba, kwa sababu vinamruhusu ofisa kumchagua mtu kwa sura, rangi na lugha. Mahakama haikusema ofisa fulani ni mbaya. Ilisema sheria yenyewe imemwachia ofisa nafasi ya kufanya ubaya. Hilo ni neno kubwa.

SHERIA IMEFIKA WAPI

Katiba ile ya 1917 ilisema pia, katika kifungu cha 129, kwamba wakati wa amani jeshi lisifanye kazi ila zile za kijeshi. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ilisema jeshi laweza kuwasaidia wakuu wa raia, likiombwa na likiwa chini yao. Mwaka 2019 kikaundwa kikosi kipya kiitwacho Ulinzi wa Taifa, nacho kikaahidiwa kuwa cha raia. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya matumizi ya nguvu, inayosema askari aanze kwa maneno, na risasi iwe ya mwisho.

Lakini mwezi wa Septemba 2024 Katiba ilibadilishwa. Kikosi kile kiliwekwa chini ya wizara ya jeshi, na kifungu cha 129 sasa chasema jeshi laweza kufanya kazi zozote zilizotajwa na Katiba na sheria. Hata reli imeingia. Treni mpya ya Maya, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023, iko chini ya kampuni ya jeshi. Basi msafiri wa Meksiko hukutana na askari kizuizini, na akikata tiketi ya treni hiyo, mwenye treni ni askari pia. Sisi wa reli tutazame jambo hilo kwa macho mawili.

Kwa hiyo mlango mmoja umefunguliwa na mwingine umefungwa. Askari akimdhuru raia, sasa ahukumiwe na hakimu wa raia. Hiyo ni faida iliyopatikana kwa jasho. Lakini kazi za askari zimeongezwa, vizuizi vitaendelea, na msafiri ataendelea kusimama jua kali akiulizwa atokako na aendako.

LA KUSHIKA

Nisemeje sasa kumaliza? Nimetaja wafu wengi, nami sitaki mwende nyumbani na huzuni tupu. Katika habari zote hizi liko jambo moja lililofaulu kila mara, na jambo hilo liko mikononi mwa watu wadogo.

Ni ushahidi. Habari ya Radilla ilisimama mahakamani kwa sababu mtoto wa miaka 11 aliona, na waliomwona kambini walisema. Habari ya watoto wa Tamaulipas ilisimama kwa sababu mama yao hakuyakubali maneno ya jeshi. Chombo kile kilianguka kwa sababu mtu alihesabu: masanduku 8, majaribio 20, mara 3. Hakuna aliyeshinda kwa kupiga kelele. Walishinda kwa kusema mahali gani, saa ngapi, kikosi gani, nani alikuwapo.

Wasafiri wenye busara huko Meksiko hujifunza hivyo. Husimama, hujibu kwa upole, hawabishani na mwenye bunduki. Lakini hutazama. Hushika namba ya gari la jeshi, jina la mahali na saa. Mwenzao akiteremshwa, huuliza jina lake kabla basi halijaondoka. Kisha hupeleka habari kwa tume ya haki za binadamu, ambayo nchi hiyo inayo tangu mwaka 1990, au kwa hakimu. Si kila habari hufika mwisho mwema. Lakini habari isiyoandikwa haifiki popote.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nami naongeza: haki ya mnyonge haipewi mpaka iwe na tarehe na mashahidi. Abiria aliyeketi kiti cha nyuma, ambaye hakuteremshwa, asishukuru Mungu tu kwamba si yeye. Yeye ndiye kitabu cha zamu cha kizuizi kile. Akinyamaza, kitabu ni kitupu.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize, nami nitajibu ninaloliweza.